Kasri Lililoezuliwa kwa Siku Kumi na Moja

Kila mtu katika bonde la Balgarrow alijua kwamba kasri lilichomwa moto na askari wa mfalme mwaka 1746. Watoto walifundishwa hivyo shuleni, wageni waliambiwa hivyo hotelini, na kibao cha bati kilichosimama kando ya lango kiliieleza habari hiyo kwa lugha tatu, mbili kati yake zikiwa lugha ambazo hapakuwa na mtu bondeni wa kuzisahihisha. Waliokuwa na shaka kidogo ni wale wazee tisa ambao kwa macho yao wenyewe walikuwa wameliona kasri hilo likiwa na paa zima mwaka 1953. Lakini wazee hao walikuwa watu wa adabu, wala hawakupenda kumkatiza mgeni anayenunua chai.

Mmoja wa hao tisa alikuwa Ninian Geddes, fundi wa kuezeka nyumba kwa vigae vya jiwe, mwana wa fundi na mjukuu wa fundi, tena mzee wa kanisa kwa muda wa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, na bado alipanda ngazi bila kushika pembeni. Uongo hakuwahi kusema, na jambo hilo alilijua na kulishukuru. Kuhusu kasri, hakuna mtu aliyepata kumwuliza swali la waziwazi, naye hakuona mahali popote katika Maandiko panapomtaka mtu ajibu asiloulizwa. Aliikalia hoja hiyo kwa miaka sabini kama mtu aliyekalia kiti chenye mguu mbovu: vizuri kabisa, maadamu hajitikisi.

Ukweli ulikuwa hivi. Siku zile sheria ya nchi ilitoza kodi nyumba yoyote yenye paa, wala haikuitoza nyumba isiyo na paa. Kanali Hector Carnethie, mwenye kasri, alikuwa na vyumba arobaini na mbwa sita, wala hakuwa na mtu wa kulala katika vyumba hivyo ila hao mbwa. Sheria hiyo aliisoma kwa makini kuliko alivyopata kuisoma Biblia. Alipokwisha kuielewa alimwita Wattie Geddes, baba yake Ninian, akamwamuru aliezue kasri lote.

Wattie aliliezua kwa siku kumi na moja paa lililokaa miaka mia tatu na hamsini. Kwa kuwa Kanali alisema kwamba hana fedha taslimu, naye alisema hivyo kila mara fundi aliposhuka ngazini, Wattie alilipwa kwa vigae vilevile alivyovishusha. Akaezekea nyumba yake mwenyewe, na vilivyobaki akawapa majirani kwa bei ya kijirani. Mwaka ulipokwisha, nusu ya watu wa bonde walikuwa wakilala chini ya paa la kasri: hoteli, ukumbi wa kanisa, nyumba kumi na nne, na banda moja la nguruwe. Boriti za mwaloni zilirundikwa uani zikawashwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia. Ili upepo usiuzime moto, waliuegemeza kwenye ukuta wa mashariki. Wakaimba, wakanywa, wakarudi makwao, na ukuta ukabaki na weusi mpaka dirisha la tatu.

Weusi huo ndio uliozaa hadithi. Kiangazi kilichofuata, mgeni mmoja alimwuliza Kanali ni nani aliyelichoma kasri zuri namna ile. Kanali angeona haya kusema, "Ni mimi, nakwepa kodi." Akasema, "Askari wa mfalme." Mgeni akavua kofia. Tangu vita viishe Kanali hakuwa amevuliwa kofia na mtu yeyote, na heshima hiyo ikamkolea. Kiangazi cha pili hadithi ilikuwa imekwisha kupata mwaka, na cha tatu ikapata jina la ofisa aliyewasha kiberiti. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya uongo wa Balgarrow ilitiwa lami, ikawekewa na mahali pa kuegesha mabasi.

Aliyeumia ni mmoja tu, naye ni Wattie. Alipokuwa kitandani kwa mara ya mwisho alimshika Ninian mkono akamwambia, "Mimi ni fundi wa kuezeka, mwanangu, lakini kazi kubwa kuliko zote nilizofanya ilikuwa ni kuezua. Babu yako nitamkuta huko, na ataniuliza habari ya lile paa. Nitamwambia nini?"

"Mwambie kwamba mimi nitalirudisha," Ninian akajibu.

Ni rahisi kumwahidi mtu anayekufa, kwa sababu hatarudi kudai. Lakini miaka arobaini na minane ilikuwa imepita tangu siku ile, na kila asubuhi Ninian alipofungua mlango wake aliziona kuta zile zikiwa wazi juu, zinakinga maji ya mvua. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa neno pekee duniani lililoweza kumfanya Ninian Geddes awe mwongo, na siku zake za kulitimiza zilikuwa zikihesabika.

Basi ilipotokea kwamba mjukuu wa Kanali, Bwana Ranald Carnethie, amerudi kutoka London akiwa na nia ya kulifufua kasri, Ninian alilipokea jambo hilo kama jibu la sala, ingawa hakumpenda yule aliyelileta. Bwana Ranald alikuwa na viatu vyeupe. Fedha hakuwa nazo, lakini alikuwa na barua kutoka kwa mfuko mmoja wa mjini uliosaidia magofu ya aina moja tu, yaani majengo "yaliyoharibiwa kwa mkono wa serikali". Askari wa mfalme ni mkono wa serikali. Jambo hilo halikuwa na ubishi. Mfuko ukamtuma Daktari Effie Rintoul, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye daftari lisilolowa maji, aje kuisimamia kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuufunika ule weusi wa ukuta wa mashariki kwa kioo kinene, watu wasije wakaugusa ushahidi.

Ninian akaajiriwa kuwa fundi mkuu wa paa. Miezi minne walifanya kazi ya kuta. Mwezi wa tano Daktari Rintoul alimwita uani, naye Ninian akamkuta huko pamoja na Bwana Ranald, aliyesimama na mwavuli.

"Mzee Geddes, tuna tatizo," daktari alisema. "Mfuko hautakubali paa la vigae vigeni. Lazima viwe vya mlima huu huu, na machimbo yake yalifungwa zamani."

"Yalijaa maji," Ninian akasema. "Siku hizi wanafuga samaki mle."

"Kuna vigae vizuri sana vinatoka Uhispania," Bwana Ranald akadakia. "Nimeviona kwenye simu."

"Vipo, bwana. Na Wahispania wana jua zuri sana la kuvianikia."

Daktari Rintoul hakucheka. "Kamati ya mfuko inakuja Alhamisi. Tukikosa vigae, watatoa fedha za kuzifunika kuta kwa chokaa ili zisizidi kubomoka, basi. Kasri litabaki gofu, ila gofu safi. Inasikitisha kwamba vigae vya asili viliungua vyote."

"Viliungua?"

"Katika ule moto."

"Daktari," Ninian akasema, na alijuta kabla hajamaliza, "umepata kuona jiwe likiungua?"

Mwanamke yule akamtazama. Akalitazama jiwe la ukuta, akautazama ule weusi chini ya kioo, kisha akamgeukia tena. "Hapana," akasema polepole. "Basi vilikwenda wapi?"

Swali lilikuwa la waziwazi, nalo lilikuwa la kwanza tangu mwaka 1953. Ninian alihisi kiti chake cha miaka sabini kikiachia mguu.

"Nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Nitakujibu mbele ya kamati."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja hotelini, kwa Bethia Yuill. Bethia alikuwa mmoja wa wale tisa, mwenye hoteli iliyoitwa Moto wa Balgarrow, na alikuwa ameketi nyuma ya kaunta akifuta glasi ambazo tayari zilikuwa safi.

"Una uso wa mazishi," alimwambia. "Nani kafa?"

"Nimeulizwa, Bethia."

"Umeulizwa nini?"

"Vigae vilikwenda wapi."

Glasi ikatua. "Si ungesema hujui!"

"Najua. Nalala chini yake."

"Eh! Na mimi nalala chini yake. Na wageni kumi na wawili wanalala chini yake, asubuhi wanakula mayai yangu wanalipa. Ukishafungua huo mdomo wako mtakatifu, mie niuze nini? 'Karibuni mwone kasri lililovunjwa na bahili'? Mabahili wako kila mahali, Ninian! Nani atapanda basi kuja kuwatazama?"

"Hata hivyo, nimeulizwa."

"Basi sema vimeokotwa ziwani."

"Bethia."

"Au sema umeoteshwa. Wewe si mzee wa kanisa? Watakuamini."

Bethia akaacha mzaha, akaegemea kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza, ndugu yangu. Mfuko unatoa fedha kwa ajili ya askari. Ukiwaondoa askari, mfuko nao unaondoka. Mfuko ukiondoka, paa hakuna. Na baba yako, Mungu amweke pema, ataendelea kuulizwa huko huko aliko. Nyamaza, upate paa. Au sema, upate mvua. Vyote viwili huvipati."

Neno hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Kulitimiza lile alilomwahidi baba yake kulimtaka anyamaze. Kunyamaza baada ya kuulizwa ilikuwa ni kusema uongo. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akakiosha kikombe mwenyewe kama alivyozoea, akarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi aliweka ngazi akaanza kuiezua nyumba yake. Hakuwa bado ameamua atasema nini, lakini aliona kwamba kwa vyovyote vile, mtu anayekusudia kusema habari ya vigae vya wengine yampasa atangulize vyake. Fundi wa bonde lile hukipigilia kigae msumari mmoja tu kichwani, ili siku ya kukarabati aweze kukisukuma kando kama mlango mdogo na kuona kilicho chini yake. Ninian aliving'oa kimoja kimoja, akavipanga ukutani kwa ukubwa, vikubwa vya upenuni chini na vidogo vya mgongoni mwa paa juu. Kila kimoja kilikuwa na matundu mawili: tundu dogo la msumari wa baba yake, na tundu kubwa la kale la kigingi cha mbao, ambalo halikuwa na kazi yoyote juu ya nyumba ya fundi. Mtu yeyote mwenye macho angaliweza kuisoma habari yote katika tundu lile. Lakini wageni huja kutazama makasri, hawaji kutazama nyumba za mafundi.

Adhuhuri mvua ilianza kunyunya. Alikuwa mstari wa tatu kutoka mgongoni, akageuza kigae kimoja mkononi, akaona maandishi upande wa chini. Hilo halikumshangaza. Ni desturi ya mafundi wa paa kuchora majina yao kwa msumari nyuma ya kigae, mahali ambapo hapatasomwa na mtu ila fundi mwingine atakayekuja kukiondoa. Ndivyo wanavyosalimiana walio hai na wafu katika kazi ile. Alitazamia kuona jina na mwaka. Alikipangusa kwa kiganja, akasoma:

*W. Geddes alivishusha hivi Mei 1953 kwa amri ya Kanali, apate kukwepa kodi. Hapakuwa na moto ila wa kuni za sherehe. Mungu atusamehe sote wawili.*

Ninian aliketi juu ya boriti za nyumba yake, mvua ikimnyeshea, akaisoma mara tatu. Kumbe baba yake alikuwa amekwisha kujibu, tena bila kuulizwa na mtu. Ile hoja aliyoikalia mwanawe kwa maisha yote, Wattie hakuwa nayo hata dakika moja. Alikuwa na msumari tu. Ninian alikitia kigae kile ndani ya koti lake, akashuka, na tangu hapo hakujiuliza tena atasema nini.

Siku ya Alhamisi kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Aeneas Pringle, jaji mstaafu, mzee mnene aliyesikiliza akiwa amefumba macho. Bwana Ranald alikuja na viatu vingine vyeupe. Daktari Rintoul alifungua daftari lake. Bondeni hakukubaki mtu nyumbani, kwa sababu Bethia alikuwa amewaambia wote wasimwambie mtu.

Ninian aliitwa, akasimama. Alisema kwa kifupi na bila kupamba: kodi, Kanali, siku kumi na moja, moto wa sherehe. Alipofika kwenye vigae alisema, "Mkitaka kujua viko wapi, tazameni juu." Kamati yote ikatazama dari la ukumbi. Kisha akakitoa kile kigae katika koti akakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, maandishi yakiwa juu.

Nyuma kabisa, sauti ya Bethia ikasikika: "Kaa chini, Ninian, umechoka. Mabwana, ana homa huyu."

"Sina homa."

"Anakuwa nayo hajijui."

Bwana Ranald alikuwa amebadilika rangi akafanana na viatu vyake. "Babu yangu," alisema, "alikuwa shujaa wa vita viwili."

"Ndiyo, bwana," Ninian akasema. "Na kodi ndiyo vita pekee alivyovikimbia."

Jaji alifumbua macho. Alikisoma kigae, akakigeuza, akakisoma tena. Akamgeukia Daktari Rintoul. "Wewe ulijua haya?"

Mwanamke yule aliona haya kidogo. "Tuna picha ya mwaka 1911 ofisini, Mheshimiwa. Paa lipo. Nilidhani labda mpiga picha alikosea mwaka."

"Hm," jaji akasema. "Nisomee kanuni ya mfuko. Neno kwa neno."

"'Majengo yaliyoharibiwa kwa mkono wa serikali.'"

"Haisemi askari?"

"Haisemi."

"Haisemi moto?"

"La."

"Kodi ya majengo hutozwa na nani?"

Jibu lilikuwa linajulikana na kila mmoja aliyekuwamo.

"Basi," jaji akasema, akifumba tena macho, "serikali ilitunga sheria ya kuadhibu mapaa, na paa likaondoka. Sijapata kuona mkono wa serikali ulio mrefu zaidi ya huo. Ombi limekubaliwa."

Ukumbi ulipiga makofi. Ninian peke yake ndiye aliyebaki amesimama. "Mheshimiwa, si kweli," alisema. "Sheria haikumlazimisha. Angeweza kulipa. Ulikuwa ni ubahili wake, na baba yangu alijua kwamba ni ubahili, akakubali."

"Bwana Geddes," jaji akamjibu kwa upole, "nimekaa katika kamati hii miaka kumi na mbili. Fomu yetu haina kisanduku cha ubahili. Keti, mzee wangu. Umeshinda."

Hivyo ndivyo Ninian alivyosema ukweli mbele ya watu mia na ishirini, akatoka pale akiwa amewapa uongo mwingine ulio bora kuliko wa kwanza. Kwa miaka sabini bonde zima lilikuwa limewasingizia askari, nao askari hawakuhitajika kabisa.

Mlangoni Bethia alimshika mkono. "Nilisema tangu mwanzo," alimwambia. "Mtu aseme kweli tu."

Kabla juma halijaisha, hoteli yake ilikuwa na jina jipya, Mkono wa Serikali, na picha ya mkono mkubwa ukinyanyua paa. Watu wakaanza kuleta vigae. Waliokuwa wameapa kwamba havikutoka kasrini sasa waligombana ni cha nani kilichotoka mapema zaidi, na mwenye banda la nguruwe aliandika barua kuomba banda lake litajwe katika kibao kipya. Kibao kilipofika, kilikuwa cha shaba nyeusi, nacho kilisema kwamba kasri liliharibiwa kwa mkono wa serikali mwaka 1953, na kumtaja Wattie kwa jina lake kamili, Walter Geddes, fundi, kuwa ni mhanga wa siku zile. Ninian aliandika barua kueleza kwamba baba yake hakuwa mhanga, bali alikuwa fundi aliyefanya kazi mbaya vizuri. Alijibiwa kwamba maneno yamekwisha kuyeyushiwa shaba. Kioo cha ukuta wa mashariki hakikuondolewa, kwa kuwa kilikuwa cha gharama.

Kazi ya paa ilichukua miezi saba. Ninian alianza upenuni na vigae vikubwa, akapanda mstari kwa mstari, vikipungua kidogo kidogo kama sauti ya mtu anayeondoka, mpaka akafika mgongoni ambako kigae kilikuwa na upana wa kiganja. Alikuwa na mafundi wanne aliowafundisha mwenyewe, na hakumruhusu hata mmoja wao kupigilia. Kupigilia alipigilia yeye.

Katika mwezi wa tatu wa kazi hiyo, Daktari Rintoul alipanda jukwaani na daftari lake, akatazama, akahesabu.

"Mzee Geddes, mbona misumari miwili?"

"Naam, miwili."

"Desturi ya hapa ni mmoja. Umeniambia mwenyewe. Kigae kisukumike kando."

"Ni kweli, desturi ni mmoja."

"Na hii ya shaba, nene hivi? Na ncha zake umezikunja kwa ndani? Hakuna atakayeweza kukitoa kigae hiki bila kukivunja."

"Umeona vema, daktari."

"Kwa nini?"

"Upepo."

Daktari Rintoul alilitazama bonde, ambamo moshi wa dohani za nyumba ulikuwa ukipanda wima bila kuyumba. "Paa la kwanza lilistahimili upepo wa miaka mia tatu na hamsini kwa kigingi kimoja," alisema.

"Upepo wa miaka hiyo siujui, mama. Huu naujua." Akapiga nyundo, na mazungumzo yakaishia hapo. Katika daftari iliandikwa kwamba fundi ameiacha desturi kwa sababu ya hali ya hewa.

Kigae cha mwisho kilikuwa kile cha Wattie. Ninian alikipeleka juu mwenyewe, siku ya Jumamosi mwezi wa Mei, akakiweka chini ya mgongo wa paa, maandishi yakitazama ndani. Kando ya maneno ya baba yake alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa msumari: *N. Geddes alivirudisha.* Hakuweka sababu wala sala. Alishuka, akanawa, akaenda nyumbani kwake, ambako paa lilikuwa la bati jekundu lililopiga kelele kila ilipodondoka tone moja la mvua.

Kasri likafunguliwa. Zikapigwa zumari, jaji akakata utepe. Ninian hakualikwa mezani, kwa kuwa meza ilikuwa ya wafadhili, lakini alisimama kwenye nyasi akatazama mvua ikiteremka juu ya vigae vile, mstari hadi mstari, mpaka chini, na haikuingia ndani hata tone. Hiyo ilikuwa sherehe yake, ikamtosha.

Majuma matatu baadaye, mtu alibisha mlango wa Ninian. Alikuwa Bwana Ranald. Alikuwa amevaa viatu vya mpira kama watu wengine, na mkononi alikuwa na bahasha ndefu ya rangi ya kahawia. Ninian alimkaribisha jikoni, akamwekea chai na mikate ya shayiri.

"Wamekuja," Bwana Ranald akasema. "Wakadiriaji wa kodi. Wanasema jengo sasa lina paa."

"Linalo, bwana."

"Wanasema jengo lenye paa ni jengo. Umewahi kusikia?"

"Niliwahi kusikia, nikiwa mdogo."

Bwana Ranald aliizungusha bahasha mezani mara mbili. Bati la juu lilianza kulia, mvua ikanyesha, naye ikambidi apaze sauti. "Mzee Geddes, nakuuliza kwa mfano tu. Baba yako alitumia siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na wewe? Kwa mfano tu?"

Ninian alimmiminia chai. "Kwa mfano tu, bwana, vigae vya baba yangu vilikuwa vya kigingi kimoja, ukisukuma, kinatoka. Hivi vina misumari miwili ya shaba, iliyokunjwa. Kila kimoja kitavunjwa kwa nyundo, na kila kimoja kimeandikwa katika daftari la mfuko. Na fundi anayejua namna ya kuvitoa bila kuangusha ukuta yuko mmoja bondeni."

"Nani?"

"Mimi. Nami nina miaka sabini na tisa, na magoti yangu hayanipi ruhusa."

Bwana Ranald aliisukuma bahasha kando. "Daktari Rintoul aliniambia uliweka miwili kwa sababu ya upepo."

"Ndivyo nilivyosema."

"Upepo gani, mzee? Hapa hapana upepo."

Kwa kuwa ameulizwa waziwazi, Ninian Geddes hakukawia kujibu.

"Huo uliokuleta hapa, bwana," alisema, akamsogezea sukari.